Kupandisha Windows si lazima kufuta kila kitu

Mafundi wengi hapa Mtwara bado humwambia mteja kwamba kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 ni lazima kufuta kompyuta na kupiga window upya. Si kweli, na inaumiza: mwalimu wa Mikindani anapoteza mitihani yake yote bila sababu.

Dhana hii ina chanzo. Mwaka 2009, aliyetoka Windows XP kwenda Windows 7 hakuweza kuhama na programu zake. Kwa anayetoka 10 kwenda 11, kikwazo hicho hakipo. Mfumo mpya huingia na kuhamishia humo mafaili, programu na mipangilio. Ule wa zamani hubaki kwenye folda ya Windows.old, na kwa kawaida una siku 10 za kuurudia.

Kompyuta yenyewe iwe na RAM ya GB 4 au zaidi, TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa inayokubaliwa na Windows 11. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje kwanza, na chaja ibaki imechomekwa. Kufuta kuna mahali pake, hasa virusi vikishaharibu mfumo. Kwa kompyuta isiyo na hitilafu, mwombe fundi apandishe tu.