Kadi ya Gari na Pasipoti Unapovuka Mpaka Usio na Kizuizi

Ofisi yangu ya bima za magari iko Aachen, mji wa Ujerumani unaopakana na Uholanzi upande mmoja na Ubelgiji upande mwingine. Kufika Vaals ya Uholanzi ni dakika chache, na Liège ya Ubelgiji haifiki saa moja. Barabarani huoni kizuizi wala kibanda cha forodha, ila bango la buluu lenye nyota kumi na mbili, na wateja wangu wengi, wakiwemo Waswahili waliotoka Bukavu, Bujumbura na Mombasa, huamini kwamba baada ya bango hilo hakuna atakayewauliza kitu. Mkataba wa Schengen, uliotiwa saini mwaka 1985 na kuanza kutekelezwa mwaka 1995, uliondoa ukaguzi wa kawaida mipakani, lakini haukuwaondolea polisi mamlaka ya kumsimamisha dereva ndani ya nchi na kumtaka ajitambulishe. Wala haukuzinyima nchi haki ya kurudisha ukaguzi kwa muda, kama Ujerumani ilivyofanya Septemba 16, 2024, ilipoupanua hadi mipaka yake yote ya nchi kavu.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la kusafiri na kadi ya ukaazi peke yake. Kadi iliyotolewa Ujerumani inamruhusu mgeni kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, lakini kwa sharti kwamba awe pia na pasipoti ambayo muda wake haujakwisha. Kadi hiyo si hati ya kusafiria. Pia haimfikishi mtu Ireland, ambayo imo katika Umoja wa Ulaya lakini haimo katika Schengen.

Kuhusu leseni nitasema machache. Leseni ya Tanzania au Kenya hukubaliwa Ujerumani kwa miezi sita tangu mtu ahamie, na baada ya hapo haimruhusu tena kuendesha. Kibali cha kimataifa cha udereva hakisimami peke yake. Ni lazima kiambatane na leseni yenyewe.

Karatasi inayosahaulika kuliko zote ni kadi ya gari. Ujerumani huitoa katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni karatasi ya kijani hafifu inayokunjwa mara mbili ikaenea kwenye pochi, nayo ndiyo dereva anayotakiwa kuwa nayo kila anapoendesha. Sehemu ya pili ibaki nyumbani, kwa sababu mwizi akiikuta ndani ya gari amepata njia rahisi ya kuliuza. Ifungue hiyo ya kwanza uitazame: herufi A ni namba ya usajili, B ni tarehe ya usajili wa kwanza, na E ni namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17. Alama hizo ni zilezile katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, ndiyo maana polisi wa Ureno asiyejua neno la Kijerumani huisoma bila taabu. Tazama pia alama ya C.4c, ambapo imeandikwa kwamba mwenye cheti hiki hatambuliwi kuwa ndiye mmiliki wa gari. Wateja wengi hushtuka ninapowatafsiria maneno hayo.

Kijana mmoja niliyemhudumia aliazima gari la mjomba wake kwenda harusini Liège. Leseni alikuwa nayo na pasipoti alikuwa nayo, lakini kadi ya gari ilikuwa katika pochi ya mjomba, ambaye siku hiyo alikuwa Hamburg na simu yake haipokelewi. Ujerumani faini ya kutokuwa na karatasi hiyo ni euro 10 tu. Huko Ubelgiji kilichomwumiza kijana ni muda: alikaa kando ya barabara karibu saa mbili akijaribu kueleza kwamba gari hakuliiba, na picha ya kadi iliyokuwa kwenye simu yake haikumsaidia.

Tangu hapo, kila mteja wangu anayeazima gari huandaa barua fupi ya ruhusa ambayo mwenye gari huitia saini, yenye jina la dereva kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya usajili, namba ya chasisi, nchi anazokwenda na tarehe za safari. Jina linahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa wengi wetu tuna majina matatu yanayopangwa hivi kwenye pasipoti na vingine kwenye leseni. Bima ya gari la Ujerumani hutambuliwa katika Umoja wa Ulaya wote, lakini kwa safari ya Uturuki, Albania au Moroko omba kadi ya kijani, yaani hati ya kimataifa ya bima ya gari, kisha soma orodha ya nchi iliyochapishwa juu yake: nchi iliyokatwa kwa mstari haimo katika bima yako, hata kama karatasi iko mkononi.