Je, wajua kwa nini mwendesha mashtaka Thomas Dewey alifika ugavana lakini urais ukamponyoka?

Nchini Marekani, waendesha mashtaka wengi wa wilaya huchaguliwa kwa kura, tofauti na Kenya na Tanzania, ambako Mkurugenzi wa Mashtaka huteuliwa na Rais. Ndiyo maana kesi moja inayotikisa magazeti inaweza kumfungulia mwendesha mashtaka mlango wa siasa, na Thomas Dewey wa New York aliupita kwa kasi ya ajabu.

Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 33, aliteuliwa na Gavana Herbert Lehman kuyaandama magenge ya uhalifu. Eunice Carter, mwanasheria mweusi katika kikosi chake, ndiye aliyebaini kwamba wanawake waliokamatwa katika madanguro tofauti walitetewa na mawakili walewale na kuwekewa dhamana na watu walewale, ishara kwamba mtandao mmoja ulikuwa nyuma ya madanguro hayo. Bila jicho lake, naamini kesi iliyofuata isingesimama. Nyayo zilielekea kwa Lucky Luciano, kinara wa magenge ya Mafia, aliyeishi katika hoteli ya kifahari kwa jina la Charles Ross. Kizimbani, Dewey alimbana kwa kumbukumbu za simu na za kodi hadi maelezo yake yakakosa mashiko, na mwaka 1936 Luciano akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 50.

Mwaka uliofuata Dewey alichaguliwa kuwa mwendesha mashtaka wa Manhattan. Mwaka 1938 aliukosa ugavana kwa kura chache, akaupata mwaka 1942, na akaongoza kwa vipindi vitatu. Mwaka 1945 alitia saini sheria iliyokataza ubaguzi wa rangi na dini katika ajira, ya kwanza ya aina yake kupitishwa na jimbo la Marekani, nami naihesabu kuwa kazi kubwa kuliko kumfunga Luciano.

Katika urais, alishindwa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinaendelea. Mwaka 1948 kura za maoni zilimpa ushindi mapema, na yeye, aliyezoea kumshambulia mshtakiwa kwa ushahidi, akachagua hotuba za tahadhari zilizokwepa kila hoja yenye ubishi. Mpinzani wake, Harry Truman, alizunguka nchi kwa treni akililaumu Bunge lililodhibitiwa na chama cha Dewey, Republican, kwa kuwatelekeza wakulima. Iowa na Ohio, majimbo yaliyompigia Dewey miaka minne kabla, yalimgeukia Truman, aliyepata kura 303 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais, dhidi ya 189 za Dewey.