"Wasichana wana ufahamu zaidi": neno linapobebeshwa lisilolimudu

Ufahamu wa kusoma ni uwezo wa msomaji kupata maana katika maandishi: kuyatambua maneno, kuyaunganisha na yale anayoyajua tayari, na kung'amua hata ambalo mwandishi hakulitamka. Kusoma kwa sauti bila kukwama ni jambo jingine. Mwanafunzi wa Kiingereza aweza kutamka ukurasa mzima na asiambulie kitu.

Utata unaanzia kwenye neno lenyewe. Fahamu tumeipata katika Kiarabu, fahima, yaani kuelewa. Kamusi za zamani huipa pia maana ya kukumbuka, na aliyezimia tunasema amepoteza fahamu. Shuleni ikaongezewa kazi: "ufahamu" ni kile kifungu chenye maswali chini yake. Ndiyo maana mtu akisema wasichana wanaojifunza Kiingereza wana ufahamu zaidi ya wavulana, msikilizaji anasikia akili, ilhali zilizopimwa ni alama za kifungu fulani.

Na kifungu kina upande wake. Uholanzi, katika utafiti wa Bügel na Buunk uliochapishwa 1996, wanafunzi wa sekondari walisoma vifungu vya Kiingereza: mada zilizozoeleka kwa wavulana ziliwapa wavulana alama, na zilizozoeleka kwa wasichana ziliwapa wasichana. Anayeijua mada hubaki na maneno machache ya kukisia, akili yake ikashughulika na hoja. Hata aina ya swali huchangia. Korea Kusini, Pae (2004) aliwalinganisha watahiniwa wenye uwezo sawa. Maswali ya hisia na hali ya kifungu yalielekea kuwa mepesi kwa wasichana, ya kukisia kimantiki yakawa mepesi kwa wavulana. Ukijumlisha alama tu, hayo yote yanafutika.

Wengi hutaja PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15 unaoendeshwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo. Mwaka 2018 wasichana waliwazidi wavulana kwa wastani wa pointi 30 za kusoma katika nchi wanachama wa OECD. Lakini PISA hupima usomaji kwa lugha ya kufundishia, haipimi Kiingereza cha kigeni. Tena alama za wanafunzi hutawanyika sana juu na chini ya wastani (mkengeuko wastani, yaani kipimo cha mtawanyiko huo, ni kama pointi 100), hivyo ukichukua msichana mmoja na mvulana mmoja bila kuchagua, mvulana atakuwa juu takriban mara 4 kati ya 10. Wastani haumsemei mtoto aliye mbele yako.

(Jinsi, yaani kuwa wa kike au wa kiume kimaumbile, na jinsia, yaani yale jamii inayomzoesha kila mmoja, nazo huchanganywa. Kisanduku cha Me/Ke huandika jinsi. Mazoea ya nani hupewa kusoma nini nyumbani ni jinsia, na hakuna kisanduku kinachoyauliza.)

Basi ukiwa na matokeo mkononi, taja kifungu na mada yake, kisha wastani: "katika kifungu hiki cha mpira, wavulana wamezidi kwa alama 4." Kabla ya kusema lolote kuhusu ufahamu wao, wape pia kifungu cha mada nyingine.