Albamu ya «Maroboti» Iliyopigwa kwa Mikono ya Watu

Kwa kuwa Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, Wafaransa wawili waliounda kundi la Daft Punk, walizoeleka hadharani wakiwa wamefunika nyuso kwa kofia za kiroboti, wengi huamini kwamba albamu yao ya mwaka 2013, Random Access Memories, ilipikwa na kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho. Ukweli ni kinyume kabisa. Besi ilipigwa na Nathan East, drams zikapigwa na Omar Hakim na John Robinson, na miongoni mwa wapiga gitaa walikuwemo Nile Rodgers na Paul Jackson Jr.; mashine za midundo zilitumika katika nyimbo chache mno.

Wapo pia wanaodai kwamba kazi ya wawili hawa ni kukata vipande vya nyimbo za wazee na kuviunga upya. Dai hilo lina mashiko kwa albamu ya Discovery ya mwaka 2001, lakini katika hii ni wimbo wa kufungia tu, Contact, uliojengwa juu ya kipande cha namna hiyo, kilichotoka kwa kundi la The Sherbs la Australia.

Kuiita albamu ya disko ni kosa la walioishia kusikiliza wimbo wake wa Get Lucky, ambao hata hivyo sauti yake kuu ni ya mwimbaji Mmarekani Pharrell Williams. Asikilizaye wimbo mwingine, Giorgio by Moroder, kwa dakika zake tisa husikia kwanza Giorgio Moroder, mtayarishaji wa muziki kutoka Italia, akisimulia maisha yake, kisha mdundo wa sintesaiza (chombo cha kuunda sauti kwa umeme) unaoingia taratibu, halafu kinanda chenye ladha ya jazi, fidla za okestra, na hatimaye drams zinazopigwa kama za bendi ya roki. Moroder amewahi kueleza kwamba aliwekewa maikrofoni kadhaa za enzi mbalimbali ili kila kipindi cha maisha yake kirekodiwe kwa chombo chake. Ni uangalifu ambao sikio langu, nakiri, halikuutambua.

Si kweli, vilevile, kwamba kundi lilivunjika mara baada ya albamu hii. Ilinyakua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka Januari 2014, nao wakatangaza kutengana Februari 2021. Mwaka 2023 ilitolewa upya ikiwa imeondolewa drams, na hapo vidole vya wapiga gitaa husikika waziwazi.