Nokturni ni nini?

Nokturni ni kipande kifupi cha muziki wa piano peke yake, chenye melodi inayoimba taratibu juu ya mkono wa kushoto usiotulia. Jina lina asili ya Kilatini, kwenye neno la usiku. Katika karne ya 18, notturno ya Waitalia ulikuwa muziki wa kundi la ala, wa kupigwa jioni. Aliyeliingiza jina hilo kwenye piano ni John Field, mtunzi na mpiga piano aliyezaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1782, aliyekwenda Urusi na mwalimu wake Muzio Clementi mwaka 1802 akaishi huko sehemu kubwa ya maisha yake.

Ukitaka kuelewa alichofanya Field, kaa mbele ya piano, bonyeza kibao kimoja na usikiachie. Nyundo inagonga uzi, sauti inatoka, na papo hapo inaanza kufa. Mwimbaji anaweza kuivuta noti, hata kuikuza ikiwa katikati. Mpiga piano akishagonga, basi. Sasa Field akafanya hivi: mkono wa kushoto unagusa noti nzito ya chini, unaiacha, unaruka kwenda kwenye kordi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za juu yake, na wakati huo mguu umekanyaga pedali ya kulia. Pedali hiyo huziachia nyuzi zote ziendelee kuvuma. Melodi inaelea juu ya mvumo huo, na noti yake inapofifia sikio halihisi pengo.

Frédéric Chopin, mtunzi na mpiga piano kutoka Poland, aliupokea mtindo huo, akatunga nokturni 21. Anza na ile ya Opus 9 namba 2 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), ya mwanzoni mwa miaka ya 1830. Melodi inagusa noti moja, kisha inapaa hadi ya juu na kushuka polepole. Subiri irudi. Kila ikirudi imevaa mapambo mapya, noti ndogondogo zinazojaza nafasi iliyokuwa tupu, kama walivyofanya waimbaji wa opera ya Kiitalia, ambayo Chopin aliipenda mno. Mimi hapo ndipo ninapoona piano imeimba kweli.

Wanaojifunza hupotea zaidi kwenye mwendo. Wanavuta kila noti kwa hisia mpaka mapigo yanayeyuka. Chopin aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mkono wa kushoto ndio kiongozi wa okestra: wenyewe unashika mapigo, wa kulia ndio wenye ruhusa ya kuchelewa au kuwahi kidogo.

Wala usidhani usiku wa nokturni ni wa kubembeleza usingizi tu. Opus 48 namba 1 inaanza kwa hatua nzito za huzuni. Katikati kunasikika kordi tulivu kama za wimbo wa kanisani, halafu dhoruba inaingia, na melodi ya mwanzo inaporudi inakimbia, kordi zikigonga chini yake bila kupumua.