Je, dawa za maumivu zinaweza kutibu saratani ya kibofu cha mkojo?

Diklofenaki au aspirini inahusianaje na saratani?

Dawa hizi hutuliza inflamesheni, yaani joto, wekundu na maumivu yanayotokea mwili unapopambana na jeraha au vimelea. Huzuia vimeng'enya vya COX, vinavyotengeneza prostaglandini, yaani kemikali za mwili zinazochochea inflamesheni. Saratani nyingi za kibofu huwa na COX-2, aina mojawapo ya vimeng'enya hivyo, kwa wingi, na prostaglandini zake huzisaidia seli kukua na kuikwepa kinga ya mwili. Kichocho cha mkojo ni ushahidi mwingine: mayai yake yakikwama kwenye ukuta wa kibofu miaka mingi, inflamesheni isiyoisha inaweza kuzaa saratani.

Zimewahi kujaribiwa?

Ndiyo, na ajabu ni kwamba mbwa walitangulia, kwa sababu nao hupata saratani hii. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha matokeo ya mbwa 34 waliopewa piroksikamu. Kwa wawili saratani ilitoweka, kwa wanne ikapungua. Kwa dawa iliyozoeleka kwa maumivu ya viungo, hilo si dogo. Mwaka 2015 utafiti wa panya ulionyesha kwamba seli zinazouawa na tibakemikali huachia prostaglandini zinazoamsha seli za saratani zilizosalia. Selekoksibu, dawa ya maumivu inayolenga COX-2, ilipunguza usugu wa saratani dhidi ya tibakemikali.

Na kwa binadamu?

Hapo ndipo matumaini yalipopungua. Jaribio la BOXIT la Uingereza lilihusisha wagonjwa 472 ambao saratani yao haikuwa imeingia kwenye msuli wa kibofu. Baadhi walipewa selekoksibu, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya mwaka 2019: kwa jumla, selekoksibu haikuzuia saratani kurudi, na waliokunywa walipata zaidi matatizo makubwa ya moyo na mishipa ya damu. Kwa hiyo dawa hizi si tiba ya kawaida ya saratani hii.

Mbona BCG huleta inflamesheni, na bado inatibu?

Swali zuri, maana linaonyesha kwa nini jambo hili si rahisi. BCG, bakteria wale wale wa chanjo ya kifua kikuu, huingizwa kwenye kibofu kwa mpira, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa wiki 6 za mwanzo. Inflamesheni yake ni kali lakini ya muda, na huita askari wa kinga waishambulie saratani. Inayolisha saratani ni ile inayofukuta miaka nenda miaka rudi.

Nikizinywa kwa tahadhari, kuna ubaya?

Usianze bila daktari wako kujua. Zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuongeza kutoka damu na kuumiza figo. Sisplatini, dawa kuu ya tibakemikali ya kibofu, nayo huumiza figo, hivyo kuzichanganya kunaweza kuzidisha madhara.

Nikiona damu kwenye mkojo, na siumwi?

Hiyo ndiyo dalili inayoongoza, na mara nyingi haiji na maumivu. Hata ikitokea mara moja ikakata, nenda hospitali. Utapimwa mkojo, na huenda ukaingizwa kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo ili kibofu kiangaliwe ndani. Ukivuta sigara, mwambie daktari.