Kwa nini kompyuta inawaka kwa chaja lakini betri haipandi?

Msimu wa korosho umefika. Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Mtwara amechomeka chaja, kompyuta mpakato imewaka, lakini betri imeganda kwenye asilimia 7. Wengi hapo huenda kununua betri mpya, na mara nyingi wanapoteza fedha bure.

Kompyuta nyingi za Dell na HP zinataka kuijua chaja kwanza ndipo zichaji. Zile chaja zenye kichwa cha mviringo zina sindano nyembamba katikati. Sindano hiyo haibebi umeme wa kuendesha mashine. Inapeleka taarifa kwamba chaja ni halali na, kwa Dell, ni ya wati ngapi. Ikipinda, au uzi wake ukikatika pale waya unapokunjwa karibu na kichwa, umeme unaendelea kuingia ila taarifa haifiki. Kompyuta nayo inajilinda: inaacha kuchaji betri na kupunguza kasi. Dell, ikiwashwa, huandika kabisa kuwa aina ya chaja haikutambulika. Chaja ya wati 45 kwenye mashine ya wati 65 inaweza kuleta hali hiyohiyo.

Chukua multimita (kifaa cha kupimia umeme), iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 200. Ncha nyekundu iguse ukuta wa ndani wa kichwa, nyeusi iguse nje. Usiiunganishe sindano na ukuta hata kidogo, maana volti 19.5 zikiingia kwenye njia ya taarifa zinaweza kuua chipu. Namba ikaribiane na iliyoandikwa kwenye chaja. Hata ikiwa sawa, usiisafishe chaja lawama: iliyochoka huonyesha volti kamili ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka ikianza kazi. Kipimo cha kuaminika ni kujaribu chaja nyingine ya aina hiyo, volti zilezile, wati sawa au zaidi. Wati zikizidi hazidhuru. Chaja za USB-C usizipime hivi. Hazitoi volti zake kamili mpaka zielewane na kompyuta.

Kwa wakazi wa Shangani na Mikindani, maeneo ya pwani hapo Mtwara, tundu la chaja likaguliwe mapema. Hewa ya bahari huleta kutu ya kijani kwenye shaba. Zima mashine, toa betri kama inatoka, safisha kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, iache ikauke. Tundu likicheza, miguu yake imeachia kwenye bodi; fundi ailehemu upya.

Betri ikigandia 60 au 80, angalia mipangilio: huenda ni kikomo cha kuilinda.

Na kama taa ya chaja inazimika kila unapoichomeka kwenye kompyuta, kisha inawaka tena ukiirudisha kwenye soketi peke yake, kuna shoti, ama kwenye tundu ama kwenye bodi. Acha kujaribu, ipeleke kwa fundi.